Ukijani wa Nyasi Usituhadae

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha semantiki, yaani elimu ya maana, kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Siku hiyo nilikuwa nimeandika ubaoni neno moja tu, "uchafuzi", na kuwataka wanieleze jinsi maana yake ilivyopanuka tangu enzi ambapo mtu aliweza kuchafua maji na nguo tu, hadi leo ambapo hata hewa husemwa kuwa imechafuliwa. Wengi walijibu kama nilivyotarajia. Kisha kijana mmoja aketiye nyuma, ambaye aghalabu huwa kimya, akainua mkono na kusema: "Mwalimu, mimi sioni kama hewa yetu imechafuka jinsi tunavyoambiwa. Kila asubuhi mimi hupita Barabara Kuu ya Thika. Magari ni mengi kama siafu, lakini nyasi zilizoko kandokando ya barabara ni kijani kibichi. Kama hewa ingekuwa na sumu, si zingekuwa zimekauka?"

Darasa likacheka, kisha likanyamaza, na macho yote yakanigeukia mimi. Nami, msomi wa isimu mwenye shahada ya uzamifu, sikuwa na jibu. Nilimwambia kuwa swali lake lilikuwa zuri sana, maneno ambayo sisi walimu huyatumia kama ngao tunapozidiwa, kisha nikaendelea na somo.

Lakini swali hilo halikuniacha. Nilikwenda maktabani, nikamsumbua mwenzangu mmoja wa idara ya botania kwa majuma kadhaa, nikasoma mambo ambayo sikudhani mwanaisimu angekuja kuyasoma. Makala haya ndiyo jibu ambalo ningepaswa kumpa kijana yule. Naliandika gazetini badala ya kulitoa darasani kwa sababu nimetambua kwamba kosa lake si lake peke yake. Limo katika vitabu vyetu, limo katika macho yetu, na, jambo linaloniuma zaidi kwa kuwa ndiyo kazi yangu, limo katika neno lenyewe.

Hebu tulitazame neno hilo. Kitenzi "chafua" kinatokana na hali ya kuwa chafu, na uchafu kwa Mswahili ni kitu kinachoonekana: tope kwenye kanzu, masizi kwenye sufuria, takataka uani. Hata wavuvi wasemapo kwamba bahari imechafuka, huwa wameyaona mawimbi na povu lake. Zaidi ya hayo, uchafu ni kitu cha kuoshwa. Ukishakoga au kufua, umekwisha. Kwa hivyo tunapomwambia mtoto wa shule kuwa hewa imechafuliwa, tunampa bila kukusudia kanuni mbili za uongo: kwamba ataiona dalili kwa macho, na kwamba mvua ikinyesha mambo yatakuwa shwari.

Kuna aina moja ya uchafuzi ambayo kanuni hizo zinaifaa. Nayo ni vumbi. Mtu yeyote aliyesafiri kwa matatu kwenye barabara za murram wakati wa kiangazi anajua jinsi nyasi za kando ya njia zinavyogeuka rangi na kuwa nyekundu au kijivu. Vumbi hilo huuzuia mwanga wa jua usilifikie jani vizuri, na huziba stomata, vile vitundu vidogo mno ambavyo mmea huvitumia kuvuta hewa ya kujitengenezea chakula. Jani lenye vumbi zito hutengeneza chakula kidogo na mmea hudumaa. Lakini mvua za masika zikija, jani huoshwa, na majuma machache baadaye huwezi kujua kama palikuwa na vumbi. Hapa neno letu halikukosea.

Gesi ni jambo jingine kabisa, na ili tulielewe yatupasa kusafiri hadi kaskazini mwa Uingereza, katika jiji la Manchester, ambako kwa zaidi ya miaka mia moja viwanda na majumba ya watu yalichoma makaa ya mawe mchana na usiku. Makaa hayo yakichomwa hutoa gesi iitwayo dioksidi ya salfa. (Salfa ndiyo madini ambayo wazee wetu waliyaita kibiriti, nasi tukalihamishia jina hilo kijiti cha kuwashia moto, anayewasha kibiriti na kusikia harufu inayochoma pua anaielewa gesi hiyo bila kuhitaji maabara.) Kwamba moshi huo ulikuwa mbaya lilikuwa jambo lililojulikana tangu kale. Mkemia Robert Angus Smith alikwisha kuandika juu ya mvua yenye asidi ya mji huo katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1872. Hata hivyo, watu wengi waliamini kama alivyoamini mwanafunzi wangu: kwamba maadamu jani halina madoa wala halijanyauka, mmea hauna neno.

Mapema katika miaka ya 1950, mtafiti aitwaye Bleasdale alilipima jambo hilo kwa njia nyepesi inayostaajabisha. Alipanda nyasi za malisho za aina ya raigrasi katika nyumba mbili za kioo. Nyumba moja iliingizwa hewa ya Manchester kama ilivyokuwa. Nyingine iliingizwa hewa hiyohiyo, ila iliyopitishwa kwanza kwenye maji ili ioshwe. Mbegu zilikuwa za aina moja, na nyasi zilitunzwa kwa namna moja. Nyasi zilipokua, hakuna aliyeweza kuzitazama na kusema kuwa hizi zinaumwa na hizi ni nzima. Zote zilikuwa kijani. Lakini zilipokatwa, zikakaushwa na kuwekwa kwenye mizani, zile zilizovuta hewa ya mji zilikuwa nyepesi kuliko zile zilizovuta hewa iliyooshwa. Bleasdale aliyatangaza matokeo yake katika jarida la Nature mwaka wa 1952. Desemba ya mwaka huohuo ukungu mzito wa moshi uliufunika mji wa London kwa siku tano na kuua watu wapatao 4,000 kwa hesabu za wakati ule. Hesabu zilizofanywa baadaye zimefika 12,000. Uingereza ikashtuka, na mwaka wa 1956 ikatunga Sheria ya Hewa Safi. Watu walipoanza kuanguka, serikali iliona. Nyasi zilikuwa zimekwisha kusema kwa sauti ya chini, kwa lugha ya gramu.

Wengine walifuata nyayo zake. Mwaka wa 1973 watafiti Bell na Clough walizifukiza nyasi za jamii hiyohiyo kwa kiasi kidogo cha dioksidi ya salfa, majuma mengi mfululizo, na mavuno yakapungua kwa karibu nusu. Nusu! Mkulima anayepoteza nusu ya malisho yake kwa ukame hupiga mayowe, huandikwa gazetini na kuletewa msaada. Anayeipoteza kwa gesi husema tu kwamba shamba lake limechoka.

Mwenzangu wa botania alinieleza jinsi inavyotokea. Gesi huingia kwa njia ya stomata, mlango uleule unaoingiza kaboni ya chakula, kwa sababu mmea hauwezi kufunga mlango bila kujinyima. Ikishaingia huyeyuka katika unyevu uliomo ndani ya jani na kuwa kitu kikali kinachovuruga usanisinuru. Mmea hujitahidi kuizimua sumu hiyo, na jitihada hizo hugharimu nguvu ambazo zingetumika kukua. Majani yaliyotangulia huzeeka na kufa kabla ya wakati wake. Machipukizi ya shinani huwa machache. Na lililonigusa zaidi: mmea ulio taabuni huelekeza chakula kidogo ulicho nacho kwenye majani, na kuinyima mizizi. Kwa maneno mengine, hudumisha sura na kudhoofisha msingi. Kijani tukionacho juu kimelipiwa na mizizi tusiyoiona chini, na siku ukame ukija nyasi hizo ndizo za kwanza kufa, nasi tutalilaumu jua.

Basi hilo ni jibu la kwanza kwa mwanafunzi wangu: ukijani si kipimo. Jibu la pili linashangaza zaidi. Kaskazini mwa Manchester kuna mahali paitwapo Helmshore, katika bonde lililovuta moshi wa viwanda kwa vizazi vingi. Bleasdale aligundua kuwa raigrasi iliyoota yenyewe huko ilistahimili hewa chafu kuliko ile ya mbegu za kununua, na majaribio ya miaka ya 1970 yalithibitisha kuwa iliistahimili dioksidi ya salfa. Sababu ni kuwa mimea iliyokuwa laini ilikuwa imekwisha kufa au kushindwa kuzaa, moja baada ya moja, mpaka ikabaki ile migumu, nayo ikarithisha ugumu wake. Mgeni ambaye angepita Helmshore na kuona vilima vya kijani angesema kwamba moshi haudhuru nyasi. Asingejua kuwa anawahoji manusura peke yao.

Sisi wanaisimu tunalijua kosa hili kwa jina jingine. Mtu akienda leo Mukogodo, kule Laikipia, atawasikia watu wakizungumza Kimaasai kwa ufasaha, na kama hajasoma historia atahitimisha kwamba hiyo ndiyo lugha ya pale tangu zamani. Ukweli ni kwamba watu hao ni Wayaaku, na Kiyaaku, lugha iliyokuwa yao, kimekaribia kutoweka kabisa katika kipindi cha vizazi vichache tu. Lugha zilizosalia hazituambii ni ngapi zilizokufa. Nyasi za Barabara ya Thika haziwezi kutuambia ni mimea ipi iliyokuwa ikiota pale kabla ya magari.

Sasa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu yanayofuata yanaonekana kuyapinga niliyokwisha kusema. Kuna hewa chafu inayozifanya nyasi ziwe kijani zaidi.

Injini za magari na majiko ya viwanda hutoa oksidi za naitrojeni. Mbolea na mikojo ya mifugo hutoa amonia. Vyote hivi hupaa, hupeperushwa, kisha hushuka ardhini pamoja na mvua au vumbi. Naitrojeni, kama ajuavyo kila mkulima anayenunua gunia la CAN, ni mbolea. Kwa hivyo hewa iliyojaa gesi hizo huzimwagia nyasi mbolea bila malipo, mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo hakuna aliyeiomba. Si ajabu basi kijani kile kikakolea.

Ubaya uko wapi? Katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, kuna malisho ambayo yamekuwa yakifanyiwa jaribio moja tangu mwaka wa 1856, mojawapo ya majaribio makongwe zaidi ya kilimo ulimwenguni. Vipande visivyotiwa mbolea vina spishi zaidi ya 30 za nyasi, maua na mimea ya jamii ya kunde, zikiishi pamoja kama majirani wa mtaa wa zamani. Vipande vilivyotiwa naitrojeni nyingi ya amonia bila chokaa vimegeuka kuwa na asidi kali, na spishi zilizobaki zinaweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Nyasi ndefu zenye tamaa ziliipokea mbolea, zikanenepa, zikazifunika nyingine jua, na nyingine zikafa. Lile lilikuwa jaribio la mbolea ya makusudi. Mwaka wa 2004, Carly Stevens na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika malisho 68 yaliyotawanyika kote Uingereza, ambayo yalikuwa yakipokea naitrojeni kutoka hewani tu. Waliona kwamba kwa kila kilo mbili na nusu za naitrojeni zinazoshuka kwenye hekta moja kwa mwaka, spishi moja hutoweka katika kipande cha mita mbili kwa mbili. Kipande hicho hubaki kijani. Pengine hupendeza kuliko awali. Kilichopotea ni lile ua dogo, ule mmea wa jamii ya kunde uliorutubisha udongo, ile nyasi fupi ambayo kondoo waliipenda.

Haki inanilazimu niongeze kwamba si kila kitu kimepotea milele. Mwaka wa 2015 watafiti wa Rothamsted walitangaza kwamba katika vipande vilivyoachishwa mbolea, na kadiri hewa ya Uingereza ilivyozidi kusafika, spishi zilikuwa zikirejea. Na kuna kichekesho kimoja kuhusu salfa: baada ya moshi wa makaa kupungua, wakulima wa Uingereza waligundua kwamba mazao yao yameanza kukosa salfa, nao sasa huinunua kama mbolea. Mimea huihitaji salfa kidogo, na kwa miaka mingi ilikuwa ikiipata hewani. Nayataja haya ili mwalimu yeyote asiende darasani kusema kuwa kila kilichomo katika moshi ni sumu tupu kwa kila mmea. Uongo unaosaidia hoja njema ni uongo tu, na mwanafunzi akiugundua hataiamini hoja yenyewe.

Lakini watu watasema: nyasi ni nyasi, yatuhusu nini spishi za malisho ya Wazungu? Hapa ndipo nawasihi walimu wa sayansi wanisaidie, maana hata mimi nilihitaji kukumbushwa jambo ambalo nililisoma nikiwa kidato cha pili. Mahindi ni nyasi. Ngano ni nyasi. Mpunga, mtama, wimbi, shayiri na miwa, zote ni za jamii ya nyasi. Tukizungumzia hewa inayozidhuru nyasi tunazungumzia ugali, chapati, pilau, uji wa mtoto na sukari ya chai.

Gesi inayozitesa nyasi hizi zaidi leo si ile ya Manchester. Ni ozoni. Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga na miale mikali ya jua, hiyo tuiache. Ile ya chini, tunayoivuta, haitoki moja kwa moja katika bomba la gari lolote. Huzaliwa hewani jua linapoziunguza oksidi za naitrojeni pamoja na mivuke ya petroli, nasi wa Ikweta hatujawahi kupungukiwa na jua. Tena ina tabia ya hila: katikati ya jiji moshi mbichi wa magari huila ozoni, kwa hivyo aghalabu huwa nyingi zaidi nje ya mji, upande upepo unakoelekea, mashambani. Mwenye gari hukaa mjini na mwenye kupunguziwa magunia hukaa kilomita nyingi kutoka hapo, akiwa pengine hana hata baiskeli. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hii nimeifundisha miaka mingi kama istiari, na sikujua kama ingekuja kusomeka kama taarifa ya kisayansi.

Ozoni nayo huingia kwa mlango uleule wa stomata na kuliunguza jani kutoka ndani. Ngano huathirika sana. Mahindi hustahimili zaidi, lakini hayaokoki. Kwa mujibu wa makadirio yaliyotangazwa mwaka wa 2018 kuhusu mavuno ya mwaka 2010 hadi 2012, dunia ilikuwa ikipoteza takriban asilimia 7 ya ngano na asilimia 6 ya mahindi kwa sababu ya ozoni. Asilimia 6 ni kidogo kwa macho. Mkulima atazamaye shamba lake hawezi kuiona. Tumwulize mtu aliyevuna magunia 16 badala ya 17 kama anaweza kutofautisha.

Hadi hapa nimezungumzia madhara yanayozipata nyasi zenyewe. Kuna upande mwingine, ambapo nyasi hazidhuriki sana bali huibeba sumu na kumpelekea mwingine. Kisa cha kutisha zaidi nilichokisoma si cha kiwanda. Mwezi Juni 1783, ardhi ilipasuka mahali paitwapo Laki, huko Aislandi, na kwa miezi minane volkano ikatema gesi za salfa na floridi. Nyasi zilinyauka na kudumaa kote nchini, na zilizobaki zilikuwa zimefunikwa na floridi. Mifugo ikazila kwa sababu hapakuwa na kingine cha kula. Takriban nusu ya ng'ombe na wanane kati ya kila kondoo kumi walikufa, na njaa iliyofuata ikaua mtu mmoja kati ya watano. Watu wengi hao hawakufa kwa kuvuta moshi. Walikufa kwa sababu hewa ilikuwa imeharibu nyasi.

Kisa hicho kilinifanya nimkumbuke shangazi yangu, Limuru. Ana ng'ombe watatu anaowafuga zizini, na kwa kuwa kishamba chake ni kidogo, tangu nikiwa mtoto amekuwa akikata mabingobingo na nyasi za kando ya barabara kuu iendayo Nakuru. Wanawake kama yeye ni wengi. Ukipita alfajiri utawaona wamejitwika mizigo ya nyasi yenye umande. Nchi hii ilitumia petroli yenye risasi hadi ulipoanza mwaka 2006 (dunia nzima ilimaliza mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho), na risasi iliyotoka katika magari ilitua zaidi karibu na lami. Risasi haiozi wala haipeperuki. Hukaa udongoni kwa miongo mingi, na mvua kubwa inaporusha matope, hupanda tena kwenye majani. Nyasi zilizo juu yake hukua vizuri tu. Ni kijani kibichi.

Nilipomweleza hayo alinisikiliza kwa subira, akanimiminia chai ya maziwa ya ng'ombe haohao, kisha akasema: "Mwanangu, ng'ombe hali shahada. Nionyeshe shamba jingine nami nitakata huko." Sikuwa na la kumjibu, na sitajifanya kuwa nalo hapa. Nilichoweza kumwomba ni hiki tu: aruke ukanda wa mita thelathini kutoka kwenye lami, akate nyuma ya hapo panapowezekana, kwa sababu risasi hupungua haraka kadiri unavyojitenga na barabara. Amekubali siku ambazo mgongo hautamuuma.

Mijadala yetu kuhusu hewa huishia kwenye mapafu, na si vibaya ianzie hapo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na mwaka 2014 zikatangazwa kanuni za ubora wa hewa. Kuanzia mwaka 2015 dizeli yenye salfa kidogo ilianza kutumika Afrika Mashariki, hatua ya maana sana. Lakini ni nani anayezipima nyasi? Ni shule ngapi zilizo kando ya barabara kuu ambazo mwalimu wa baiolojia amewahi kuwatoa wanafunzi nje, akawaambia waache kukariri "madhara matano ya uchafuzi wa hewa" na badala yake wayapime?

Kazi hiyo haihitaji mitambo. Yahitaji makopo matupu yapatayo arubaini, udongo wa shimo moja, mbegu za mfuko mmoja, na mizani ya maabara ya shule. Nusu ya makopo yawekwe karibu na barabara, nusu nyuma kabisa ya kiwanja, mahali penye jua sawa, na yamwagiliwe maji kwa kipimo kimoja. Kisha, katika kila upande, nusu ya mimea ioshwe majani kila siku kwa maji safi na nusu isioshwe. Baada ya majuma sita, ing'olewe, mizizi ikiwemo, ikaushwe, ipimwe. Kama mimea ya barabarani iliyooshwa imelingana na ile ya nyuma ya kiwanja, basi tatizo lilikuwa vumbi, na neno "uchafuzi" litutoshe. Kama imeoshwa kila siku na bado ni nyepesi, hapo wanafunzi watakuwa na sababu ya kuuliza ni kitu gani kisichooshwa. Mimi binafsi ningependa kitu hicho tukiite sumu, na neno uchafu tuliachie vumbi na masizi, lakini najua kamusi haziandikwi kwa amri ya mhadhiri mmoja.

Kijana yule na mimi tulikwisha kuanza. Tulipanda wimbi katika makopo ya rangi, ishirini kwa ishirini, upande mmoja ukiwa karibu na lango la barabarani. Katika juma la nne mbuzi wa jirani aliingia na kula yote ya upande wa barabara, hata yale tuliyoyaosha kwa uangalifu. Tumepanda upya, safari hii tumezungushia waya, na kijana huja saa moja kila asubuhi na chupa yake ya maji kabla ya kuingia darasani. Mavuno tutayapima mwishoni mwa mwezi ujao.